Ghuba ya Speke: Asili ya Jina la Ukoo

Baina ya kisiwa cha Ukerewe na pwani ya Magu, mashariki ya jiji la Mwanza, upo mkono wa ziwa uitwao Ghuba ya Speke. Jina hilo hudhaniwa kuwa la mtu mmoja tu, John Hanning Speke, ambaye tarehe 3 Agosti 1858, baada ya kuondoka Isamilo, alipanda kilima na kuliona ziwa limetanda mbele yake. Kumbe ni jina la ukoo, tena la nadra hata kwao.

Wachunguzi wa majina hulihusisha na neno la Kifaransa cha kale, espec, yaani kigogota, ndege agogotaye miti. Lilianza basi kama lakabu. Katika karne ya 12 Walter Espec alianzisha monasteri ya Rievaulx (1132). Huko Devon kijiji cha Brampford kikaongezewa jina la makabaila wake, kikawa Brampford Speke. Irabu ya mwanzo ilidondoka. Ya mwisho imebaki katika maandishi, ila Mwingereza wa leo haitamki. Msomaji wa Kiswahili huitamka, Spe-ke, silabi mbili. Tusimcheke: katika Kiingereza cha karne ya 14 e ya mwisho aghalabu ilisikika. (Speke ya Liverpool ni neno jingine, lenye asili ya vichaka.)

Speke alikuja na majina ya kwao. Hori la ziwa alilipa jina la Jordans, nyumba ya wazazi wake. Kilima akakiita Somerset, akidai wenyeji hawakukipa jina. Dai hilo nalitilia shaka: mgeni wa siku chache, asiyejua Kisukuma, angelithibitishaje? Ghuba yenyewe ilipewa jina lake na Stanley mwaka 1875, na Stanley naye alizaliwa akiitwa John Rowlands.

Kwa desturi ya Wasukuma, mtu hutajwa kwa jina la baba yake likitanguliwa na ng'wana, yaani mtoto wa. Hivyo jina la mwisho hubadilika kila kizazi. Fomu ya ofisini inapouliza “jina la ukoo”, kijana wa Magu huandika la babu yake, na mwanawe ataandika jingine. Karani huona kasoro. Lakini swali lenyewe limekatwa kwa kipimo cha akina Speke, si cha ng'wana.

Somerset na Jordans hazisikiki tena midomoni mwa watu wa Mwanza. Isamilo ni kata ya jiji.