Meli ya ghorofa 20: kwa nini haipinduki?

Je, wajua kwamba Icon of the Seas, meli ya watalii yenye ghorofa 20 iliyoanza safari zake kutoka Miami Januari 2024, imezama majini kiasi cha mita 9 hivi tu? Anayeitazama, na mabwawa yake ya kuogelea yaliyopangwa huko juu kabisa, ana haki ya kuuliza kwa nini dhoruba ya kwanza haikuilaza ubavu. Wengi hujibu kwamba inasimama kwa sababu ni kubwa. Jibu hilo si sahihi, na kwetu tunaovuka maziwa na bahari kwa vivuko ni jibu la hatari, maana linatuaminisha kwamba usalama ni mali ya meli za matajiri. Kinachoishikilia meli yoyote wima ni mahali uzito wake ulipokaa, na upana wake pale inapokutana na maji.

Tuanze na uzito. Huandikwa kwamba meli hii ina tani 248,663, na msomaji hudhani ndio uzito wake. Sivyo. Takwimu hiyo hupima nafasi iliyomo ndani, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo ni hewa ya vyumba, kumbi na korido. Vitu vizito hasa viko chini: injini, matangi ya mafuta na maji, pamoja na farumi, yaani maji ya bahari yanayohamishwa kwa pampu kutoka tangi hadi tangi ili chombo kikae sawa. Upana nao ni mita 48 hivi. Meli ikiinama kulia, ubavu wa kulia huzama zaidi na maji huusukuma juu kwa nguvu zaidi, huku wa kushoto ukipungukiwa na msukumo huo. Tofauti hiyo ndiyo inayoirudisha wima. Tena faida ya upana ni kubwa kuliko tunavyodhani, kwani ukiuzidisha mara mbili bila kugusa urefu, mchango wake katika kuirudisha meli huongezeka mara nane. Wajenzi wa ngalawa wa pwani yetu huitumia kanuni hiyo hiyo wanapofunga matengo, yaani miti ya pembeni ya kuongeza upana, pande zote mbili.

Mtu atauliza: basi kwa nini isipanuliwe zaidi na kuongezewa uzito chini? Kwa sababu chombo kilichotulizwa kupita kiasi hurudi wima kwa mshtuko, kikaangusha watu na kuwatapisha. Wasanifu huiacha meli iyumbe polepole, kisha mapezi yanayochomoza ubavuni chini ya maji hupunguza kuyumba huko. Hata mabwawa hutolewa maji bahari ikichafuka, maana maji yasiyozuiwa hukimbilia upande ulioinama na kuuelemea.

Pingamizi zito zaidi ni meli ya Costa Concordia, iliyogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, ikalala ubavu na kuua watu 32. Lakini ile ilipasuliwa ubavu, maji yakajaa ndani, na hesabu yote ya uzito ikavurugika. Ukubwa haukuisaidia. Mkasa huo unaiunga mkono hoja yangu.

Sasa linganisha na kivuko. Abiria 7,600, ambao ndio upeo wa Icon of the Seas, wakikadiriwa kilo 75 kila mmoja ni tani 570, kiasi kidogo kikilinganishwa na uzito wa meli yenyewe. Wote wakikimbilia upande mmoja kutazama machweo, haitapinduka. Kwenye kivuko kidogo, watu ndio shehena yenyewe, nao husimama juu. Kwa mfano, kivuko cha MV Nyerere kiliruhusiwa kubeba watu 101. Tarehe 20 Septemba 2018 kilijazwa kupita kiasi hicho, kikapinduka karibu na gati la Ukara katika Ziwa Victoria. Taarifa za wakati ule zilisema abiria walisogea upande mmoja kilipokaribia kutia nanga. Zaidi ya watu 200 walikufa, hatua chache kutoka nchi kavu.

Kwa hiyo, msomaji, kivuko kikijaa kupita idadi yake, usipande. Ukiwa ndani, bakia ulipo mpaka kamba zifungwe gatini, na umwombe jirani yako afanye vivyo hivyo.