Je, Wajua? Goma, Jirani wa Wajerumani

Je, wajua kwamba Mzungu wa kwanza kufika Ziwa Kivu alikuwa Mjerumani? Gustav Adolf von Götzen alifika mwaka 1894, akaupanda mlima Nyiragongo na kuchungulia shimo lake la moto. Mwaka 1901 akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Je, wajua kwamba Goma ilikuwa ikitazamana na kambi ya Wajerumani? Wao walikaa Gisenyi, upande wa Rwanda, Wabelgiji wakakaa upande huu wa Goma, Kongo. Mpaka ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, na kisiwa cha Idjwi kikaangukia Kongo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikiteka Septemba 1914, Wabelgiji wakakirudisha mwaka 1916 na kuingia Rwanda. Leo mama anayevuka kwenye kituo cha mpakani cha Petite Barrière na beseni la nyanya kichwani anakanyaga mpaka ule ule.

Je, wajua kwamba lava iliyobomoa nyumba ndiyo inayozijenga tena? Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuishia ziwani. Ilipopoa, watu walishika nyundo. Mawe hayo meusi, makoro, ndiyo misingi, kuta na nyua za Goma.

Je, wajua kwamba chukudu, baiskeli ya mbao ya Goma, haina injini wala pedali? Mafundi huichonga kwa mbao, gurudumu wakalivisha ukanda wa tairi kuukuu. Hubeba mamia ya kilo za viazi, makabichi na makaa: mteremko huiendesha, mlimani husukumwa kwa kifua. Mji umeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu.

Je, wajua kwamba samaki wadogo waitwao sambaza ni wageni Ziwa Kivu? Waliletwa mwaka 1959 kutoka Ziwa Tanganyika. Wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja, wakawasha taa usiku, na samaki hufuata mwanga hadi wavuni.

Je, wajua kwamba chini ya maji hayo mna nishati? Kilindini mwa ziwa, lenye kina cha karibu mita 480, kuna takriban mita za ujazo bilioni 60 za gesi ya methani. Tangu 2016 mtambo wa Karongi, Rwanda, huigeuza kuwa umeme wa megawati 26. Goma, kwenye ziwa hilo hilo, nyumba nyingi bado hupika kwa makaa yanayoshushwa kwa chukudu.