Upole wa Mwalimu Balewa na moto wa Magharibi

Kila anapotajwa Alhaji Abubakar Tafawa Balewa, Waziri Mkuu wa kwanza na wa pekee wa Nigeria, watu husifu upole na sauti yake, kisha husikitikia kifo chake. Sifa hizo ni haki yake. Hata hivyo zinafunika swali ambalo mwalimu wa historia hana budi kuliuliza darasani: je, ni upole kweli uliomponza?

Balewa alizaliwa Bauchi, kaskazini mwa nchi hiyo, mwaka wa 1912. Hakuwa wa ukoo wa kitawala, jambo lililokuwa na uzito mkubwa katika jamii iliyotawaliwa na maamiri. Kilichompandisha ni elimu. Alisomea ualimu katika Chuo cha Katsina, akarejea Bauchi kufundisha, hata akawa mwalimu mkuu. Mnamo 1945 alikwenda kusomea elimu katika Chuo Kikuu cha London, na aliporudi akawa mkaguzi wa shule. Tayari alikuwa ametunga hadithi kwa Kihausa, Shaihu Umar, kuhusu mtoto anayetekwa na kupelekwa utumwani Misri, akawa mwanachuoni, huku mamake akimtafuta. Wanaodhani kwamba kuandika kwa lugha za Kiafrika ni kazi ya wasio na makuu na waitafakari habari hiyo.

Katika siasa alianza kwa shaka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alitamka barazani kwamba umoja wa Nigeria ulikuwa nia ya Waingereza tu. Ziara yake ya Marekani mnamo 1955, alikoona watu wa asili mbalimbali wakiishi kama taifa moja, ilimgeuza. Miaka miwili baadaye akawa kiongozi wa serikali, na tarehe 1 Oktoba, 1960, akapokea uhuru.

Lakini Waziri Mkuu huyo alikuwa naibu tu katika chama chake cha NPC. Mwenyekiti, Ahmadu Bello, Sardauna wa Sokoto, alipendelea kubaki Kaduna akilitawala Jimbo la Kaskazini. Balewa aliongoza taifa lenye watu wengi kuliko yote barani akiwa na bwana mwingine nyuma yake.

Tuje sasa kwenye Jimbo la Magharibi. Mnamo Mei 1962 wajumbe wa bunge la Ibadan walirushiana viti kwa sababu ya ugomvi wa Obafemi Awolowo na Samuel Akintola. Siku chache tu baadaye serikali ya Balewa ikatangaza hali ya hatari na kumteua msimamizi wa jimbo zima. Mwaka uliofuata Awolowo, kiongozi wa upinzani, akafungwa miaka kumi kwa uhaini.

Ikaja Oktoba 1965. Uchaguzi wa jimbo hilo hilo ulijaa wizi wa kura uliompa Akintola ushindi. Watu wakauana, nyumba na magari yakamwagiwa petroli na kuteketezwa. Safari hii hali ya hatari haikutangazwa. Kilichobadilika ni kwamba Akintola alikuwa sasa mshirika wa NPC. Kwa maoni yangu, basi, tusiuite huo upole. Mwalimu anayempiga mwanafunzi mmoja kwa kurusha kiti, kisha akamwachilia mwingine anayechoma darasa, hawezi kuitwa mpole.

Januari 1966 Balewa aliwakaribisha Lagos viongozi wa Jumuiya ya Madola kujadili uasi wa Ian Smith huko Rhodesia. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa aina hiyo kufanyika nje ya London, na kwake ulikuwa heshima kubwa. Ulimalizika tarehe 12, jimbo jirani likiwa bado linaungua.

Alfajiri ya tarehe 15 wanajeshi walimtoa nyumbani kwake. Sardauna aliuawa Kaduna, na Akintola Ibadan. Mwili wa Balewa ulipatikana siku kadhaa baadaye kando ya barabara nje ya Lagos, akazikwa Bauchi. Mauaji hayo hayana utetezi. Wauaji hawakuijenga haki aliyoshindwa kuitenda. Hadithi yake ya Shaihu Umar ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka wa 1967, mwaka ule ule vita vya Biafra vilipoanza.