Bukavu: Alstromeria, ua linalopenda baridi yetu lakini halipendi haraka

Mjini Bukavu, arusi na matanga havikosi maua. Lakini mengi siku hizi ni ya plastiki: Jumamosi yako juu ya meza ya maarusi, Jumatatu yamerudi kwenye kartoni kungojea arusi nyingine. Kwa mwenye kipande cha udongo nyuma ya nyumba, kuna ua hai linalofaa kujaribiwa, nalo ni alstromeria.

Asili yake ni Amerika ya Kusini, hasa Chile na Brazil. Jina lilitokana na Clas Alströmer, Mswidi aliyekuwa rafiki wa mtaalamu wa mimea Linnaeus. Karibu na sisi, Kenya inalilima kwa ajili ya kuliuza Ulaya. Ukilitazama vizuri utaona jambo la ajabu: kila jani linajipinda kwenye shina lake, upande wa chini ukageuka kuwa wa juu.

Kinachotusaidia ni mwinuko. Bukavu iko kwenye mita karibu 1.500 juu ya bahari, na alstromeria inataka mizizi yake ikae kwenye ubaridi. Udongo ukipita digrii 20 hivi kwa muda mrefu, mmea unaendelea kutoa majani lakini maua yanasimama. Kwa hiyo jua la asubuhi ni zuri, la saa nane mchana si zuri sana. Funika udongo kwa majani makavu, hasa kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane mvua inapokatika.

Mbegu zake zinachelewa sana kuota. Afadhali kuomba kipande cha shina la chini ya ardhi kwa mtu aliye na mmea wa miaka miwili au mitatu. Kinavunjika upesi, kishike kama yai. Chimba sentimita 15, changanya samadi iliyooza, acha nafasi ya hatua moja kati ya mche na mche. Udongo wetu mwekundu unashika maji, na maji yakituama mizizi inaoza. Panda kwenye tuta lililoinuka. Kule Goma, penye mawe ya volkano, shida ni kinyume: maji yanapita mbio, samadi na kumwagilia vinahitajika zaidi.

Kuvuna ndiko wengi wanakosea. Mmea ukikomaa, shina la ua halikatwi kwa kisu. Linavutwa kutoka chini kwa mkono, na hilo linaamsha machipukizi mapya. Lakini mwaka wa kwanza tumia kisu. Mimi nilivuta mapema, mche mzima ukanifuata mkononi, na majirani wakacheka.

Ndani ya maji safi ua linaweza kukaa wiki mbili, jambo ambalo muuzaji wa maua atalielewa haraka. Harufu karibu haina. Utomvu wake unawasha ngozi ya watu wengine, basi vaa glavu, na waambie watoto kwamba vile vizizi vinene si viazi.

Je, kung'oa maharagi ili kupanda maua? Hapana. Parseli zetu ni ndogo na sufuria haingoji. Anza na miche mitatu kando ya ukuta, au kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini.