Furshi ya pikipiki ya koperative: tupime mbele ya kulipa



Mara mingi katika gazeti hili tunazungumuza juu ya mbegu, samadi na mavuno. Leo tunazungumuza juu ya pikipiki, na tuko na sababu. Mulimaji anaweza kuchunga tomati zake miezi mitatu, kisha akazipoteza kwa saa moja ya barabara. Na motari akianguka kwenye muteremuko, tomati si ndizo hasara kubwa.

Katika koperative moja ya Kivu tulikuta shida hii: makasha ya tomati yalifika sokoni yakitoa maji, na motari alilalamika juu ya maumivu ya mikono. Wote walisema furshi, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, iko zaifu. Walikuwa wamelipa fundi mara mbili ili aikaze, na kila mara alitia ndani mafuta mazito zaidi, yale ya injini. Mbele ya kulipa mara ya tatu, tulifunga kamba nyembamba ya mupira kwenye tiyo ya furshi, tukaisukuma mpaka chini, tukamwambia motari aende sokoni na muzigo kama kawaida. Aliporudi, kamba haikuwa imepanda hata nusu ya njia. Basi furshi haikuwa zaifu. Ilikuwa ngumu kupita kiasi, na koperative ilikuwa inalipa feza ili iwe ngumu zaidi.

Ndani ya furshi kuna nini?

Kila muguu uko na resori na mafuta. Resori inabeba uzito. Mafuta yanapunguza mbio za resori: furshi ikishuka ao ikipanda, mafuta yanapita katika matundu madogo. Bila mafuta, pikipiki inarukaruka kama mupira wa watoto. Lakini mafuta yakiwa mazito sana, yanapita polepole. Kwenye barabara ya mawe, furshi inashuka juu ya jiwe la kwanza, na mbele haijarudi juu, jiwe la pili limefika. Inabaki fupi, kisha fupi zaidi, mpaka kila jiwe linapiga moja kwa moja kwenye mikono ya motari na kwenye makasha.

Tuangalie namba za mafuta vizuri. Mafuta ya injini ya namba 40 ni mazito sana kuliko mafuta ya furshi ya namba 10 ao 15. Tena asubuhi ya baridi kule milimani yanazidi kuwa mazito. Kwenye pikipiki nyingi za kazi, furshi haina vis ya kugeuza. Kuna mambo matatu tu ya kubadilisha: uzito wa mafuta, kiasi chake, na resori.

Kwanza, tuondoe magonjwa mengine

Mbele ya kugusa mafuta, muangalie haya:

- Kuna mafuta kwenye tiyo? Sipi, ule mupira unaozuia mafuta, imekufa. Musingoje. Mafuta yakifika kwenye freni ya mbele, freni haishiki tena.
- Tiyo iko na kutu ao mikwaruzo? Sipi mupya itakatika tena upesi.
- Muinue gurudumu la mbele, mushike miguu ya furshi kwa chini, muivute mbele na nyuma. Ikicheza, angalieni rulema za gido.
- Pikipiki ilianguka, na gido inaangalia pembeni? Pengine furshi imejipinda tu katika vishikio vyake. Fundi alegeze bulo, anyooshe, akaze tena. Lakini tiyo yenyewe ikiwa imekunjika, ibadilishwe.
- Pine iko na upepo unaofaa? Pine iliyojaa kupita kiasi inafanya furshi nzuri ionekane mbaya.

Vipimo viwili vya kufanya wenyewe

Munahitaji metre, kamba ya mupira na watu watatu. Kama tiyo imefunikwa na soksi ya mupira, muipandishe kwanza.

Kipimo cha kwanza: muinue pikipiki mpaka gurudumu la mbele lisiguse udongo. Mupime sehemu ya tiyo inayoonekana, toka kofia ya vumbi mpaka kishikio cha chini. Kisha muishushe, motari apande pamoja na muzigo wa kawaida, watu wawili wamushike asianguke. Mupime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo furshi inavyoshuka kwa uzito tu. Kwa pikipiki ya barabara mbaya, ikaribie robo mpaka sehemu moja ya tatu ya njia yake yote. Kwa mufano, furshi yenye njia ya milimetre 180 ishuke milimetre 45 mpaka 60. Urefu wa njia uko katika kitabu cha pikipiki. Kama kitabu kimepotea, fundi aupime siku atakayotoa resori.

Ikishuka zaidi ya hapo, pengine resori imechoka. Fundi anaweza kuweka kipande cha tiyo juu ya resori ili ainue pikipiki, lakini tujue: kipande hicho hakifanyi resori yenyewe kuwa ngumu. Resori iliyochoka inabaki resori iliyochoka.

Kipimo cha pili ni ile kamba ya mupira. Muisukume mpaka kwenye kofia ya vumbi, motari aende safari yake ya kawaida, kisha muangalie:

- Kamba haikupita nusu: furshi ni ngumu sana.
- Kamba ilikaribia mwisho mara moja, katika shimo baya kuliko yote: ni vizuri.
- Furshi inagonga mwisho kila mara: ni laini sana, ao mafuta yamepunguka.

Kubadilisha jambo moja tu kwa wakati

Fundi amwage mafuta yote ya zamani, atie mafuta ya furshi ya namba inayoandikwa katika kitabu, na kiasi kiwe sawasawa katika miguu yote miwili. Mara mingi kipimo kinafanywa resori ikiwa imetolewa na furshi imeshushwa mpaka mwisho, toka mudomo wa tiyo mpaka kwenye mafuta. Juu ya mafuta kunabaki hewa, na hewa hiyo inasaidia kama resori ya pili. Mafuta yakizidi, hewa inakosa nafasi, na furshi inakuwa ngumu sana mwishoni, hata inaweza kupasua sipi.

Tahazari: kifuniko cha juu kinasukumwa na resori. Gurudumu likae juu kwanza, na fundi asiweke uso juu ya kifuniko. Mafuta ya zamani yasimwagwe mutoni wala shambani.

Kisha murudie vipimo vyote viwili, muandike katika daftari. Mukibadilisha mafuta, resori na pine siku moja, hamutajua ni nini iliyosaidia.

Muzigo nao

Furshi nzuri haiponyi muzigo mubaya. Muzigo ukiwekwa nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi: kwenye mupando gido haitii, na katika matope linateleza. Muzigo ukae chini na karibu na motari. Musitundike bidoni kwenye gido. Na musikubali mutu achomelee chuma kwenye tiyo ili kuikaza, kwa maana moto unaikunja na kuiharibu.

Katika ile koperative, mafuta ya injini yalimwagwa, yakatiwa ya furshi namba 10. Safari iliyofuata, kamba ilipanda mpaka karibu na mwisho, na motari alisema mikono yake imepumuzika. Tomati za juu zilifika nzima. Zile za chini bado ziliumia, kwa sababu makasha yalikuwa yamejazwa kupita kiasi. Hilo si kazi ya fundi, ni kazi yetu sisi wakati wa kupakia.

Basi, katika mukutano wenu unaokuja, muchague mutu mumoja wa kuchunga daftari la pikipiki. Fundi akisema furshi ikazwe, mumuombe kwanza akubali kufunga ile kamba. Kamba haina garama, na inajua kitu ambacho sisi wote tulikuwa tunakisia tu.