Kung'aa, kumeremeta na kukatua: maneno yanayotatiza

Katika makala haya tunaangalia kundi dogo la maneno linalowatatiza wengi wanaojifunza Kiswahili hapa Kigali: maneno ya kung'aa na kung'arisha. Mwenye Kinyarwanda huja darasani akiwa na vitenzi vinavyofanana na vya Kiswahili. Kwaka ni ndugu wa kuwaka, na kumurika ni ndugu wa kumulika. Undugu huo ni msaada mkubwa, lakini pia ni mtego. Mtu akiandika "viatu vyangu vinawaka", msomaji atatafuta maji ya kuzimia moto. Akiandika "nimemulika viatu", ataeleweka kwamba ameviwashia tochi. Alichotaka kusema ni "viatu vyangu vinang'aa" na "nimeng'arisha viatu".

1. Mwanga unatoka wapi?

Hili ndilo swali la kwanza la kujiuliza. Kitu chenye moto au umeme wake huwaka: jua linawaka, taa inawaka, jiko linawaka. Kinachopeleka mwanga juu ya kitu kingine humulika au huangaza: tochi inamulika njia, mbalamwezi inaangaza uwanja. Kitu ambacho uso wake unarudisha mwanga hung'aa au hung'ara: kioo, sakafu iliyopigwa deki, kiatu, hata upara. Nyota nazo husemwa kuwa zinang'aa, ingawa zina moto wake zenyewe, kwa sababu lugha hufuata jicho linavyoona.

2. Mwanga umetulia au unachezacheza?

Kung'aa ni kwa mwanga uliotulia. Mwanga unaokuja na kupotea, au unaorukaruka, una vitenzi vyake: kumetameta na kumeremeta. Sikiliza jinsi silabi zinavyorudiwa, kana kwamba neno lenyewe linapepesa. Mdudu anayewaka na kuzima usiku huitwa kimetameta au kimulimuli, na jina hilo la pili limepewa pia taa zinazozunguka juu ya magari ya polisi na ya wagonjwa. Kumeremeta kuna sifa ya uzuri ndani yake. Ndiyo maana bibi harusi aliyependeza husemwa kuwa anameremeta, lakini sufuria safi tunasema inang'aa tu.

3. Kazi ya mikono

Kusugua kunataja kitendo cha mkono, si matokeo. Mtu anaweza kusugua sufuria kutwa nzima na isitakate. Kung'arisha kunataja matokeo: kitu kimefanywa king'are, kwa njia yoyote ile. Kukatua kunabeba yote mawili, ila hutumika hasa kwa madini. Hukatuliwa shaba, fedha, sinia, mabuli ya kahawa na vifundo vya shaba vya milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Hatukatui sakafu wala meza ya mbao. Mbao hupigwa msasa kwanza ndipo ikapakwa vanishi. Msasa wa leo ni karatasi ya dukani, lakini asili yake ni mti wenye majani makavu yanayokwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao.

4. Kiwi na kiwi

Wengi wetu Rwanda tumezoea neno la Kifaransa, cirage. Tanzania na Kenya utasikia "kupiga viatu kiwi". Neno hili limetokana na dawa ya viatu ya Kiwi, iliyoanza kuuzwa Melbourne, Australia, mwaka 1906. Mwenye kuitengeneza, William Ramsay, aliipa jina la ndege wa Nyuzilandi, nchi alikotoka mke wake. Lakini kamusi za Kiswahili zina kiwi kingine, cha zamani, kisichohusiana na hicho: hali ya macho kushindwa kuona kwa sababu ya mwanga mkali. "Taa za lori zilimtia kiwi dereva." Maneno haya mawili yamekutana kwa bahati tu, lakini yamekutana mahali pazuri: kiatu kilichopigwa kiwi sawasawa kinaweza kukutia kiwi!

5. Katika magazeti

Hapa ndipo mwanafunzi hupotea zaidi, kwa kuwa maneno haya yametoka jikoni na karakanani yakaingia katika vichwa vya habari. Timu iliyong'ara imeshinda, na mwanafunzi aliyeng'ara amefaulu vizuri. Mchezaji anayesugua benchi hasafishi chochote: hapangwi kucheza. Na ukisoma "Walimu wapigwa msasa", usiwaonee huruma. Hakuna aliyechapwa. Wamepewa mafunzo ya kuwaongezea ujuzi, kama ubao unavyolainishwa.

6. Tahajia

Tuzingatie pia ritifaa. Katika Kinyarwanda alama hii huonyesha irabu iliyodondoshwa, kama katika n'umwana. Katika ng'aa hakuna kilichodondoshwa. Alama inaonyesha sauti moja ya puani, ile ya ng'ombe, ambayo ni tofauti na ile ya ngoma. Anayeandika "ngaa" ameandika neno jingine.

Kwa nini tushughulike na tofauti hizi ndogo? Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Wanaosoma nasi leo ndio watakaofundisha, kutafsiri na kuandika matangazo kesho. Kamusi ndogo inayompa mtu neno moja tu kwa kurabagirana haiwezi kumwambia lipi linafaa sakafu, lipi shaba na lipi bibi harusi. Njia bora ni kusikiliza wanaokitumia. Si lazima kusafiri hadi pwani: Biryogo, kule Nyamirambo, Kiswahili kimezungumzwa tangu enzi za ukoloni. Nenda kwa fundi seremala au kwa anayeng'arisha viatu, umuulize anachofanya, kisha uandike kitenzi atakachokitumia.

Zoezi. Jaza kitenzi kinachofaa:
(a) Sinia la shaba limechakaa, tuli___.
(b) Vimetameta vina___ gizani.
(c) Nisaidie ku___ njia kwa tochi.
(d) Nani aliyeacha taa iki___?

Majibu: (a) katue, (b) metameta, (c) mulika, (d) waka.