Kisasi na Hila katika Hadithi Fupi za Kigothi: Utangulizi

Huenda umefika hapa kwa sababu ulipewa hadithi ya Edgar Allan Poe darasani, ukaisoma hadi mwisho, kisha ukabaki unajiuliza: kwani huyu mtu alikosewa nini hata akamfanyia mwenzake unyama wa namna hii? Swali hilo ni zuri kuliko unavyodhani, nami nitakuomba uwe nalo mkononi tunapokwenda. Huhitaji kuwa umesoma fasihi ya Ulaya wala ya Marekani kabla ya leo. Tutaanzia chini kabisa, na kila istilahi nitaieleza inapojitokeza.

Fasihi ya Kigothi ni maandishi ya kubuni yaliyochipuka Uingereza katika karne ya 18, yenye nia ya kumtia msomaji hofu na hamu kwa wakati mmoja. Utayatambua kwa mandhari yake: majumba ya kale, vyumba vya chini ya ardhi, giza, siri za ukoo, na mambo yaliyopita yasiyokubali kuzikwa. Kwa kawaida wasomi huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1764, Horace Walpole alipotoa riwaya ya The Castle of Otranto. Jambo moja kuhusu kitabu hicho linanifurahisha kila ninapolieleza. Toleo la kwanza lilidai kwamba ni tafsiri ya maandishi ya zamani ya Kiitaliano, na hata jina la mfasiri lililowekwa humo lilikuwa la kubuni. Mwaka uliofuata, baada ya kitabu kupendwa, Walpole alikiri kuwa yeye ndiye mtunzi. Kwa hiyo utanzu huu ulizaliwa kwa hila aliyofanyiwa msomaji. Shika jambo hilo, maana tutalihitaji mbele.

Riwaya za Kigothi zilikuwa ndefu. Hadithi fupi ilikuja kuzibana, na aliyeeleza kwa uwazi namna ya kuzibana ni Poe mwenyewe, Mmarekani aliyezaliwa Boston mwaka 1809 na kufa Baltimore mwaka 1849. Katika uhakiki wake wa mwaka 1842 juu ya hadithi za Nathaniel Hawthorne, Poe alishikilia kwamba hadithi inapaswa kusomeka kwa kikao kimoja, na kila kilichomo kielekee kwenye kile ambacho sisi wahakiki tunakiita athari moja: hisia moja kuu ambayo mtunzi ameichagua mapema na ambayo hadithi nzima inaitumikia. Utaona mara moja hii ina maana gani kwa wahusika. Katika kurasa chache, mhusika hana nafasi ya kukua, kutubu, kuoa na kuzeeka. Hubaki na sifa moja au mbili, zikasukumwa hadi ukingoni.

Hapa wanafunzi wengi hukwama, kwa hiyo tusimame kidogo. Sifa ya mhusika si tendo lake. Mtu akimpiga kofi mwenzake sokoni, hilo ni tendo, na pengine hasira itampoa kabla hajafika nyumbani. Sifa ni mwelekeo wa kudumu wa nafsi, kitu kinachotufanya tuseme, “fulani ndivyo alivyo.” Vivyo hivyo, usichanganye kisasi na hasira wala na haki. Hasira haingoji. Haki humhitaji mtu wa tatu, awe hakimu, mzee au baraza, apime pande zote mbili. Mwenye kisasi hungoja, tena hamtaki huyo mtu wa tatu: yeye ndiye mlalamikaji, shahidi, hakimu na mtekelezaji wa hukumu.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni kwa mhusika wa aina hii. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, na humo tulimpata Shylock akidai ratili ya nyama ya mwili wa Antonio. Waandishi wa Kigothi walirithi mengi kutoka kwenye tamthilia za Kiingereza za enzi ya Shakespeare, zikiwemo zile ziitwazo tamthilia za kisasi, ambamo mtu aliyedhulumiwa hupanga njama kwa muda mrefu hadi damu imwagike. Lakini angalia tofauti. Dhuluma aliyotendewa Shylock tunaijua: ametukanwa, ametemewa mate, na anaisema mbele yetu waziwazi. Poe atatunyima kabisa kitu hicho.

Basi tuingie kwenye hadithi yenyewe. “The Cask of Amontillado”, ambayo nitaiita “Pipa la Amontillado”, ilichapishwa mwaka 1846. Ni fupi mno. Montresor, mtu wa ukoo wa kale nchini Italia, anasimulia jinsi alivyomlipizia kisasi Fortunato. Anatuambia kwamba alivumilia maudhi mengi kutoka kwake, lakini Fortunato alipothubutu kumtusi, akaapa kulipiza. Tusi gani? Hasemi. Badala yake anatupa kanuni zake mbili: kisasi hakijatimia ikiwa mlipizaji mwenyewe ataadhibiwa, na pia hakijatimia ikiwa mkosaji hatajua ni nani anayemwadhibu. Ana kanuni zilizonyooka kama za sheria, ila shitaka halimo.

Sasa tazama kazi ya hila. Kwa hila hapa nina maana ya ustadi wa kumwongoza mtu afanye unalotaka wewe huku akiamini kwamba ameamua mwenyewe. Wengi hudhani mwenye hila ni mwongo tu. Montresor anadanganya, ndiyo, kwa sababu pipa analolizungumzia tunaamini halipo. Lakini uongo ule ni mdogo, na kazi kubwa inafanywa na tabia ya Fortunato mwenyewe. Fortunato anajivunia ujuzi wake wa mvinyo. Montresor anakutana naye jioni ya kanivali, sherehe ya barabarani ambapo watu huvaa vinyago na kulewa, na kumweleza kwamba amenunua pipa la Amontillado, mvinyo wa Kihispania, ila ana wasiwasi kama ni wenyewe. Hamwombi aje. Anasema anakwenda kumtafuta Luchesi, mjuzi mwingine wa mvinyo, amwonjee.

Hilo jina la Luchesi ndilo linalofanya kila kitu. Fortunato anachomwa na wivu papo hapo, anadai kwamba Luchesi hawezi kutofautisha Amontillado na sheri. Amontillado yenyewe ni aina ya sheri, kwa hiyo kauli hiyo inatutia shaka kama ujuzi wa bwana huyu unafikia majivuno yake. Fortunato anataka waende mara moja kwenye makaburi ya ukoo yaliyo chini ya nyumba ya Montresor, ambako pipa linasemekana limewekwa, na kuanzia hapo Montresor anamkataza. Anamwambia una kikohozi, huko chini kuna unyevu, kuta zimejaa chumvi ya shura, afya yako ni ya thamani, turudi. Kila anapomwambia turudi, Fortunato anasonga mbele. Kikohozi kinambana hadi anashindwa kusema kwa dakika kadhaa, kisha anajibu kwamba kikohozi hakitamuua, na Montresor anakubaliana naye. Ni kweli tupu: hatakufa kwa kikohozi.

Mbinu hiyo tunaiita kinaya, yaani maneno au matukio kubeba maana iliyo kinyume na ile inayoonekana juu, huku msomaji akiiona na mhusika asiione. Poe ameijaza hadithi kwa kinaya. Fortunato, ambaye jina lake linadokeza bahati njema, amevaa nguo za mzaha na kofia yenye njuga. Anainua chupa kuwanywea heri wafu waliozikwa pembeni yao, na Montresor anamnywea yeye maisha marefu. Hata watumishi wameshachezewa kabla hadithi haijaanza: Montresor aliwaamuru wasitoke nyumbani usiku kucha, akijua vema kwamba akishageuza mgongo wote watakimbilia kanivali. Amri yake ilikuwa njia ya kuwaondoa. Mtu anayewaelewa wenzake kiasi hicho angeweza kuwa rafiki mwema au kiongozi hodari, na kwangu mimi hilo ndilo linalotisha kuliko mifupa iliyopangwa ukutani. Hila ni uelewa wa binadamu uliotengana na huruma.

Njiani Fortunato anauliza kuhusu nembo ya ukoo wa Montresor. Anajibiwa kwamba ina mguu wa dhahabu unaomponda nyoka, na nyoka amezamisha meno kwenye kisigino cha mguu huo. Chini yake yameandikwa maneno ya Kilatini yanayoonya kwamba hakuna amdhuruye mwenye nembo akasalimika. Soma hapo polepole. Je, Montresor ni mguu au ni nyoka? Ukisema mguu, yeye ndiye mwenye nguvu aliyeumwa akaponda. Ukisema nyoka, yeye ndiye aliyekanyagwa akauma. Vyovyote utakavyochagua, mguu umejeruhiwa na nyoka anapondwa, wala hakuna aliyeshinda.

Huko ndani kabisa Montresor anamfunga Fortunato kwa mnyororo kwenye upenyo wa ukuta, kisha anauziba kwa mawe, safu kumi na moja. Fortunato anafikiri ni mzaha, kisha anasihi, kisha zinasikika njuga peke yake. Rudi sasa kwenye kanuni ya pili. Je, Fortunato alijua anaadhibiwa kwa lipi? Montresor hakumtajia kosa hata mara moja. Kwa kipimo chake mwenyewe, basi, huenda kisasi hakikutimia. Na lile swali ulilokuja nalo mkononi, alikosewa nini, Fortunato naye pengine alikufa akijiuliza.

Hapa tunafika kwenye ngazi ngumu kidogo. Hadithi inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, maana yake anayesema “mimi” ni mtendaji mwenyewe. Tunachokijua chote kimepita kinywani mwake. Msimulizi ambaye tuna sababu za kutomkubali moja kwa moja huitwa msimulizi asiyeaminika, na sababu hizo huwa zimo ndani ya hadithi yenyewe. Montresor anasimulia nusu karne baada ya tukio, kwa mtu ambaye anasema anaijua vizuri nafsi yake. Ni nani huyo? Rafiki? Padri wa kitubio? Na kama ametulia, kwa nini bado analisimulia? Jiwe la mwisho linapokaribia, anakiri kwamba moyo wake uliingiwa na simanzi, halafu anaharakisha kueleza kwamba ni unyevu wa mle chini. Nadhani sentensi ile inamwambia uongo yeye mwenyewe kwanza, kisha sisi. Alivyomfanyia Fortunato, kumpa anachotaka kusikia ili amfuate chini ngazi kwa ngazi, ndivyo anavyotufanyia sisi: tunacheka na kinaya chake, tunastaajabia ustadi wake, na tunajikuta upande wake kabla hatujauliza shitaka liko wapi. Unamkumbuka Walpole.

Usidhani sifa hizi mbili, kisasi na hila, haziachani. Katika “The Tell-Tale Heart” ya Poe, ya mwaka 1843, msimulizi anamuua mzee ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kumkosea. Kabla ya hapo anamtendea wema wa pekee wiki nzima. Hiyo ni hila bila kisasi. Na katika hadithi ya Balzac wa Ufaransa, “La Grande Bretèche”, iliyoitangulia “Pipa la Amontillado” kwa zaidi ya miaka kumi, mume anamshuku mkewe kwamba amemficha mwanamume kabatini. Mke anaapa juu ya msalaba kwamba hakuna mtu. Basi mume anamwita mwashi aujenge mlango ule, na kila mke anapotaka kusihi, anakumbushwa kiapo chake. Silaha yote ya mume ni maneno ya mke.

“Hop-Frog” ya Poe, ya mwaka 1849, inageuza mizani. Mlipizaji ni mchekeshaji kibeti aliyetekwa kwao akapelekwa kwa mfalme apendaye mzaha, na kosa tunaliona kwa macho: mfalme anamsukuma na kummwagia mvinyo usoni Trippetta, rafiki wa huyo kibeti. Hop-Frog anawashauri mfalme na mawaziri wake saba wajipake lami, wajibandike katani na kujifunga minyororo, ili wawatishe wageni kama masokwe. Wanakubali kwa furaha. Msomaji aliyelelewa na visa vya Abunuwasi atamtambua mara moja mnyonge anayemshinda mkubwa kwa akili, na atamshangilia, hadi pale mwenge utakapogusa katani. Je, tunaendelea kushangilia?

Anza na “Pipa la Amontillado”, jioni moja, kikao kimoja, penseli mkononi. Mara ya kwanza, weka alama kila Montresor anapomsihi Fortunato arudi. Mara ya pili, weka alama kila anapokuambia wewe msomaji uelewe vipi alichokifanya. Kisha soma “Hop-Frog”, ambayo haisimuliwi na mlipizaji mwenyewe, uone ni alama zipi za aina ya pili zimetoweka na ni zipi bado zimo, kinywani mwa nani.